Kupanga mwaka mpya wa masomo ya nyumbani ukiwa na watoto wengi

Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi hapa Kongo, asubuhi tunakwenda makaburini na mchana watoto wanatupikia. Kesho yake maswali yanaanza. Mama mmoja anapita kwangu huku Katuba, Lubumbashi, akiuliza kama abadilishe vitabu vyote. Mwingine ananipigia kutoka Ruashi: wa mwisho ameanza kalasi (darasa) ya 1, sasa nitawafundishaje wote wanne? Wa tatu anataka ratiba yangu aikopi vile ilivyo. Ratiba yangu haitamsaidia, kwa sababu mimi sina mtoto anayenyonya na yeye anaye. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama unaona hamu ya kuruka moja kwa moja kwenye ratiba. Wengi wanaokwama mwezi wa 10 walianza na ratiba.

Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba yenye watoto wanne: kalasi ya 6, ya 4, ya 3 na ya 1. Wako wakiwa wawili au sita, hesabu ni ileile, utabadilisha namba tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Madaftari yote ya mwaka uliopita, hata yale yaliyochanika na kuishia jikoni kuwashia mbabula, jiko letu la makaa (yaliyobaki, basi).
- Buletini (ripoti za alama) za mwisho, kwa mtoto aliyewahi kupita shuleni.
- Programu ya taifa ya shule ya msingi, au angalau vitabu vya shule vya kila kalasi ulivyonavyo. Ukiazima kwa jirani, azima kwa wiki 2 na uvirudishe.
- Kalenda ya ukutani na daftari moja jipya la kwako wewe mwalimu.
- Jioni 2 tulivu na asubuhi 1. Usijaribu kumaliza kazi hii kwa siku moja huku unapika.
- Papa wa watoto, au yeyote unayelea naye. Akisikia mabadiliko kwa mara ya kwanza Septemba watoto wakiwa wamekaa, utapanga tena.

Pesa ya vitabu vipya haimo kwenye orodha hii. Inakuja baada ya hatua ya 4. Ukienda kwanza soko la Kenya (mtaa wetu hapa, si nchi) ukiwa na franka mfukoni na huna orodha, utarudi na vitabu vizuri ambavyo havina mtoto wake.

Hatua ya 1: Usikilize mwaka uliopita

Tandika mkeka, panga madaftari kwa mtoto na kwa somo. Usianze kusoma yaliyomo. Angalia tarehe tu: tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kila daftari. Daftari la hesabu la kalasi ya 3 limefika Juni? Vizuri. Daftari la jiografia limeishia Novemba? Hapo mvua zilianza, au uliugua, au kitabu kilikuchosha wewe. Tarehe haibembelezi mtu. Mwaka jana mimi nilikuwa naapa kwamba tulifanya sayansi mwaka mzima. Daftari lilionyesha masomo 11.

Kisha kwenye daftari lako chora safu 3. Ya kwanza: kilichotembea. Ya pili: kilichosimama, na mwezi kiliposimama. Ya tatu: kilicholeta ugomvi. Safu hii ya tatu ndiyo yenye utajiri, usiione aibu. Kwangu iliandikwa «dikte ya mchana», yaani imla, mara nne. Nilidhani watoto ni wavivu, kumbe kuanzia Desemba hadi Machi mvua hapa Lubumbashi mara nyingi hunyesha mchana, na chini ya mabati hakuna anayesikia neno. Nilikuwa napiga kelele, wao wanaandika wanachodhani nimesema, halafu nawakatia alama. Dikte ikahamia asubuhi, ugomvi ukaisha. Sikununua kitabu chochote.

Baada ya hapo waulize watoto wenyewe, mmoja mmoja, wakati mikono ina kazi: mnachambua lengalenga, mnapepeta mchele. Mtoto aliyekalishwa mbele ya meza na kuulizwa «unaonaje masomo?» atakujibu «mazuri, mama». Mtoto anayechambua mboga atakuambia kwamba yaya (kaka au dada yake mkubwa) anampa majibu ya hesabu ili awahi kucheza.

*Angalia:* usifanye hatua hii wiki ya kwanza baada ya kufunga mwaka. Ukiwa umechoka, kila kitu kitaangukia safu ya pili.

Hatua ya 2: Mpime kila mtoto kwa somo, usimpime kwa kalasi

Mtoto wa nyumbani anaweza kuwa kalasi ya 4 katika hesabu na kalasi ya 3 katika Kifaransa. Hakuna aibu, ila lazima ujue.

Kusoma: mpe ukurasa asiowahi kuuona, ahesabu nawe maneno 100, asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno zaidi ya 5, kitabu hicho bado ni kigumu kwake kusoma peke yake. Atakisoma na wewe, na cha peke yake kiwe chepesi zaidi. Fanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila lugha na karatasi yake.

Hesabu: chukua mazoezi 10 kutoka kurasa za mwisho za kitabu cha mwaka jana. Akipata 8 au zaidi, songa mbele. Akipata 5 hadi 7, anza mwaka na wiki 3 za marudio. Chini ya 5, tafuta mahali alipokatikia. Mara nyingi kwa kalasi ya 4 na ya 5 shida ni meza ya kuzidisha, na kwa kalasi ya 3 ni kutoa kwa kukopa. Sehemu hizo ndogo zikipona, mengine hufuata.

Asubuhi moja inatosha kwa watoto 4. Usiwaambie ni mtihani.

Hatua ya 3: Hesabu dakika zako

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kaa vizuri.

Wengi hupanga kwa kuhesabu masomo ya watoto: Kifaransa, hesabu, sayansi, historia, dini, mara watoto 4. Wanapata saa 9 kwa siku na wanashangaa kwa nini hawafiki. Kinachoisha nyumbani kwanza si muda wa watoto, ni wewe. Watoto ni wanne, mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyo ndiye anayechota maji, anayewasha makala (makaa) na anayefungua mlango.

Andika saa ambazo upo kweli. Mimi kwa uaminifu niko kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 5:00. Baada ya hapo bukari (ugali) haijipiki. Hiyo ni dakika 180. Sasa andika kila kazi inayohitaji *wewe kukaa hapo*, mtoto mmoja au kikundi:

Kalasi ya 1: kusoma na kuandika dakika 20 mara 2, hesabu 20. Jumla 60.
Kalasi ya 3: hesabu 20.
Kalasi ya 4: hesabu 20.
Kalasi ya 3 na ya 4 pamoja: Kifaransa 25.
Kalasi ya 6: hesabu 20, Kifaransa 15. Jumla 35.
Somo la pamoja la wote: 40.

Jumlisha: 60 + 20 + 20 + 25 + 35 + 40 = 200. Una 180. Tayari umepita kwa 20, na hakuna aliyekunywa uji, hakuna mgeni aliyebisha, hakuna aliyeanguka kwenye ngazi. Ukibandika ratiba hii ukutani, utakuwa umechelewa kila siku ya Mungu, na utaamini kwamba kosa ni lako.

Kata sasa, kwenye karatasi, ambako hakuumizi. Kwanza, kusoma kwa mara ya pili kwa kalasi ya 1 kunahamia kwa yaya wake wa kalasi ya 6: yeye anakaa, mdogo anasoma ukurasa uleule wa asubuhi. Umeokoa 20. Pili, Kifaransa cha kalasi ya 3 na ya 4 kinakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na somo la pamoja Jumanne na Alhamisi. Sasa siku za Kifaransa unatumia dakika 140, siku za somo la pamoja 155. Zinabaki 40 na 25. Hizo zilizobaki ni za uji, za choo, za mgeni, za mtoto aliyelia. Usizijaze.

Kama saa zako ni chache kuliko zangu kwa sababu una biashara au unakwenda kazini, hesabu ni hiyohiyo. Mama ninayemfahamu anauza asubuhi na kufundisha kuanzia saa 10 jioni. Ana dakika 90 na watoto 3, na wanasoma. Alikata zaidi, basi.

*Angalia:* usihesabu saa za usiku kwa kutegemea umeme. Unaujua umeme wetu. Weka usiku kazi ambayo ikikosekana haidhuru, kama hadithi.

Hatua ya 4: Chagua mabadiliko 3, ufunge orodha

Rudi kwenye safu ya pili na ya tatu za hatua ya 1. Utaona mambo 10 ya kurekebisha. Chagua 3:

- moja la nyumba nzima (mfano: masomo yaanze saa 2:00 badala ya saa 3:00);
- moja la somo (mfano: kitabu kipya cha Kifaransa kwa kalasi ya 3 na ya 4);
- moja la mtoto mmoja (mfano: mkubwa aanze mazoezi ya mtihani kila Ijumaa).

Mbele ya kila badiliko andika sababu kwa sentensi moja. Ukishindwa kuandika sababu, au sababu ikawa «nimeona kwa mama fulani», futa. Yaliyobaki 7 yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari lako. Yatasubiri Januari, na mengi yao yatakuwa yamejiondoa yenyewe.

Swali la vitabu, ambalo ndilo la kwanza kila mwaka: badilisha kitabu kama mtoto ameshindwa kukielewa hata ukiwa naye, au kama wewe mwenyewe unakikwepa. Kama tatizo ni kwamba hamkukifungua, kitabu kipya nacho hamtakifungua.

*Angalia:* mwaka wangu wa pili nilibadilisha vitabu, meza, saa na utaratibu wa kazi za nyumbani kwa wiki moja. Mtoto wangu wa tatu, ambaye hapendi hata sahani yake kubadilishwa, aligoma kusoma hadi Oktoba. Sikuweza kujua ni kipi kilichomkera, kwa sababu vilikuja vyote pamoja.

Hatua ya 5: Unganisha yanayounganika

Hesabu na kusoma ni ngazi, kila mtoto ana kipandio chake. Historia, jiografia, sayansi, dini na uraia ni sahani moja: wote wanakula, kila mmoja kwa mkono wake. Hata programu yetu ya msingi imepangwa kwa madaraja mawili mawili, kalasi ya 1 na 2, ya 3 na 4, ya 5 na 6. Kwa hiyo usiogope kuwakalisha wa 3 na wa 4 pamoja.

Somo la pamoja linakwenda hivi. Unasema au unasoma dakika 15, wote wanasikiliza. Wanauliza dakika 10. Dakika 15 za mwisho kila mmoja anatoa kazi ya kimo chake. Chukua misalaba ya shaba ya Katanga, ile iliyotumika kama fedha kabla ya wakoloni. Unaanzia kwenye malakiti, jiwe la kijani ambalo watoto wengi wa hapa wamelishika kwa mkono. Wazee waliliyeyusha kwa makala katika tanuru na kumimina shaba kwenye umbo la msalaba. Kalasi ya 1 anachora msalaba na kuandika neno «shaba». Wa 3 na wa 4 wanaandika sentensi 3. Wa 6 anaandika aya kwa Kifaransa. Wiki ileile mkipata nafasi, mfike Makumbusho ya Lubumbashi wauone.

Mji huu ni kitabu, na kurasa nyingi hazilipishwi. Tarehe 2 tu, 1910 mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville na 1966 ulipoitwa Lubumbashi, zinakupa historia ya wiki 2 na hesabu ya kutoa juu yake. Vichuguu virefu, uyoga wa mwanzo wa mvua, mto wenyewe, mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda unaouona kutoka kila upande: panga sayansi yako kwa kufuata vinapopatikana. Uyoga hausubiri ukurasa wa 84.

Hatua ya 6: Kata mwaka katika vipindi 6

Shule za msingi zetu zina trimesta (mihula) 3 na vipindi 6. Baki na mpango huo, utakusaidia siku mtoto akirudi shuleni na kuombwa alama. Kila kipindi kipe wiki 5 za masomo na wiki 1 tupu. Jumla wiki 36. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Julai zinaingia, hata ukitoa Krismasi na Pasaka.

Wiki tupu ni ya kufikia mliyoyaacha, kupima, na kupumzika. Usiiuze. Itakujia malaria ya mtoto mmoja, kisha ya pili, hasa wakati wa mvua, na hiyo wiki ndiyo itakayokulipa.

Kwenye kalenda weka alama kabla ya kuandika somo lolote: Januari 4, 16 na 17 ni sikukuu, kwa hiyo Januari ina meno machache. Aprili 30 ni siku ya elimu. Oktoba joto ni kali, masomo mazito yaishe mapema. Juni asubuhi ni baridi, watoto hawaandiki vizuri saa 2:00 vidole vikiwa vimeganda. Waanze na kusikiliza.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo ratiba

Siku ya Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, kwa mfano wetu:

2:00–2:20 kusoma, kalasi ya 1
2:20–2:40 hesabu, kalasi ya 1
2:40–3:00 hesabu, kalasi ya 3
3:00–3:20 hesabu, kalasi ya 4. Mkubwa anamsikiliza mdogo kusoma
3:20–3:45 uji
3:45–4:10 Kifaransa, kalasi ya 3 na ya 4
4:10–4:45 kalasi ya 6
4:45–5:00 wazi

Jumanne na Alhamisi somo la pamoja linachukua nafasi ya Kifaransa na ile robo saa iliyo wazi.

Anza na mdogo daima. Ukimwacha wa mwisho, atakuwa amekwisha kulipiza kisasi kwenye daftari la mwenzake.

Wakati uko na mmoja, wengine wanafanya nini? Kila mtoto awe na kikapu chake, au katoni ya biskuti, yenye kazi ambazo *anaziweza bila kukuuliza*: kunakili maandishi mazuri, marudio ya hesabu, kitabu chepesi cha kusoma, ramani ya kupaka rangi. Kijaze Jumapili jioni kwa wiki nzima. Kazi mpya haiingii kikapuni hata siku moja. Mtoto akikuita mara 3 kwa dakika 20, si mkaidi: kazi uliyomwekea ni ngumu.

Hatua ya 8: Karatasi na mitihani

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kama una mtoto wa kalasi ya 6, kuna ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule ambao wengi wetu bado tunauita TENAFEP: Kifaransa, hesabu na utamaduni wa jumla. Kalasi ya 8 nayo ina mtihani wake wa kuchagua njia. Mtoto hajiandikishi akiwa nyumbani, jina lake linapita shuleni. Nenda Septemba kwenye shule inayotambuliwa na serikali, muone mkurugenzi, umweleze wazi kwamba mtoto anasomea nyumbani, na uulize mambo 4: je, wanampokea, wanataka karatasi gani, mtoto afike shuleni mara ngapi kwa mwaka, na gharama zote ni ngapi. Beba cheti cha kuzaliwa na buletini za zamani. Ukienda Aprili utakuta orodha imefungwa. Jirani yangu mmoja alifika wakati huo, mwanawe akarudia mwaka bila kosa lolote.

Mtihani ni kwa Kifaransa. Kama hesabu mnaielezana kwa Kiswahili nyumbani, na ni vizuri, basi tangu kipindi cha kwanza mkubwa asome maswali kwa Kifaransa. Watoto wengi wanajua hesabu ila hawajui swali linataka nini.

Kwa wengine wote, weka faili moja kwa mtoto: kazi 2 za kila somo kwa kila kipindi, zenye tarehe. Inatosha.

Hatua ya 9: Ingia polepole

Wiki ya 1: kusoma na hesabu tu, kila mmoja. Wiki ya 2: ongeza Kifaransa. Wiki ya 3: ongeza somo la pamoja. Kuanzia wiki ya 4 ratiba inatembea nzima. Usibadilishe chochote kabla ya wiki ya 6, hata ikikuuma. Wiki tupu ya kwanza ndiyo ya kurekebisha.

Siku ya kwanza wape madaftari mapya na chapati. Najua si ualimu, lakini wanaikumbuka.

Ikikwama

*Mdogo anavuruga wengine.* Kama ana chini ya miaka 5, mpe kazi ya maji: kikombe, beseni, uani, mtu wa kumtazama. Kama ni wa kalasi ya 1, mpunguzie hadi dakika 15. Pengine amechoka, na wewe unaendelea.

*Wa 4 anaona aibu kwa sababu wa 3 anamshinda hesabu.* Watenganishe vitabu, usiwape kitabu kimoja hata kama ni rahisi kwa mfuko. Funika namba ya kalasi kwenye jalada kwa karatasi. Kwangu ilichukua gundi na dakika 2, na machozi yakakoma.

*Mkubwa hataki kumfundisha mdogo wake.* Ana haki kidogo. Dakika 20 kwa siku ni msaada. Saa nzima ni kumfanya mwalimu bila mshahara. Hakikisha naye anapata dakika zake 35 kamili. Nyingi huliwa na wadogo, na yeye hasemi.

*Wageni asubuhi.* Tundika kitambaa mlangoni, waambie majirani mara moja kwamba kitambaa kikiwepo mnasoma hadi saa 5. Nkambo (babu au bibi) akija, kitambaa hakimhusu. Mpe kiti, aisikilize kalasi ya 1 ikisoma. Huyo ndiye mwalimu msaidizi usiyemlipa.

*Tantini (shangazi) anasema watoto hawaendi shule.* Usibishane. Mpe faili.

*Umeugua wiki nzima.* Vikapu vinaendelea, mkubwa anasoma hadithi kwa sauti, hesabu mpya zinasubiri. Ukipona, usijaribu kufundisha wiki 2 katika moja. Tumia wiki tupu. Kama ilishatumika, kata somo la pamoja kwa siku 5 na urudishe hesabu kwanza.

*Mmebaki nyuma kipindi kizima.* Fungua kitabu, tia alama sura ambazo kalasi inayofuata itazihitaji: sehemu, kuzidisha, vitenzi vya Kifaransa. Hizo fundisha. Sura nyingine soma nao kwa haraka jioni au ziache.

*Ratiba imevunjika kabla ya wiki ya 6.* Rudi hatua ya 3 na saa mkononi. Kwa siku 2 andika dakika ulizokaa kweli na kila mtoto, bila kujionea huruma. Mara zote nilipofanya hivyo nilikuta nilijipa dakika ambazo sina, kwa kawaida kati ya saa 2:00 na 2:30, wakati mbabula bado haijashika moto.